Jolly na Nyumba ya Bati la Bluu

Kila Jumamosi asubuhi msichana Jolly alikuwa wa kwanza kufika dukani kwa baba yake. Alifagia, akamwaga maji kidogo mbele ya mlango ili vumbi la malori yaendayo mpakani Mpondwe litulie, kisha akaifuta mashine ya fotokopi. Mashine hiyo ilikuwa na tabia mbaya ya kutafuna karatasi za watu wenye haraka. Jolly peke yake ndiye aliyejua mahali pa kuipiga kofi ili iache ukaidi.

Baba yake, Nobert, alikuwa fundi wa redio jeshini kabla ya kurudi nyumbani Bwera na kufungua duka la kuchapa, kupiga picha za vitambulisho na kutengeneza kompyuta. Wateja walimwita Afande mpaka leo, na yeye alipenda, ingawa alijifanya hapendi. Kitu kingine alichokipenda kilikuwa kwenye kompyuta kubwa nyuma ya pazia. Ulikuwa mchezo wa kurusha ndege za kivita za zamani, zile za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zenye pangaboi puani na ngurumo inayotikisa meza. Kazi za duka zikiisha, Jolly aliruhusiwa kuruka.

Tena Jolly hakutosheka na kuruka tu. Baba yake alikuwa amemfundisha kufungua folda za mchezo, kuondoa picha zilizokuja nazo na kuweka za kwake. Watu wa mtandaoni huita kazi hiyo kutengeneza modi. Alianza na ndege iitwayo Spitfire, akaipaka nyeusi, njano na nyekundu, rangi za bendera ya Uganda. Nobert alicheka mpaka akakohoa, akasema hakuna adui duniani ambaye angekosa kuiona. Baadaye Jolly aliingia kwenye nchi yenyewe. Miji ya Ulaya aliitupa, akaweka milima ya Rwenzori yenye theluji, bonde jembamba la Kilembe alikogongesha ndege zake karibu kila juma, mashamba meupe ya chumvi ya Katwe na uwanja wa ndege wa Kasese. Mwisho wa uwanja aliweka ng'ombe wawili, kwa sababu alikuwa amewaona pale kwa macho yake mwenyewe.

Ulikuwa mchezo mtamu, tusidanganyane. Ukiinamisha bawa juu ya Bwera, uliona barabara, mto Lhubiriha na paa la shule. Jolly alisahau hata njaa, naye hakuwa mtu wa kusahau njaa.

Rafiki yake mkubwa darasani alikuwa Rachelle. Alikuwa amevuka mpaka pamoja na bibi yake, Martine, wakati vita vilipofika kijijini kwao upande wa Beni, ng'ambo ya mto. Bibi huyo kila mtu alimwita Mukaka, maana ndivyo bibi anavyoitwa huku na kule ng'ambo. Siku moja Rachelle alimletea Jolly picha tatu zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Ile njo nyumba yetu," alisema kwa Kiswahili cha kwao ng'ambo. "Angalia, bati iko bluu, ila moja ina kutu. Hapa iko muti ya avoka. Na ile nyeupe kwenye migomba, ile njo kaburi ya muzee, bwana ya Mukaka. Unaweza kuiweka mule kwa mchezo? Mukaka aione kutoka juu, kama ndege."

"Naweza," Jolly alijibu. "Nipe muda tu. Nitamrusha mimi mwenyewe."

Alifanya kazi ile kwa moyo wote. Alichora bati lenye kutu mahali pake, akapanda migomba mmoja mmoja, akaliweka kaburi jeupe katikati yake. Mtu akiruka juu, kabla ya kuona paa aliona kwanza doa lile jeupe likimeta. Rachelle alipoletwa kuona, alishika mdomo kwa mikono miwili. Wakapanga kwamba Jumapili ya juma lile lile, baada ya misa, Mukaka angekuja.

Shida ilianza Alhamisi, chini ya dirisha la darasa. Twaibu, mvulana aliyekaa dawati la nyuma ya Jolly, alikuwa fundi wa utani. Jolly alikuwa akisimulia jinsi alivyopita juu ya ziwa Katwe bila kugusa maji.

"Na ukafika, ukafanya nini?" Twaibu aliuliza.

"Nikarudi Kasese, nikatua."

"Ukatua! Ndege ya vita, risasi iko, bomu iko, wewe unakwenda kusalimia ng'ombe! Hiyo ni taksi."

Darasa zima liliangua kicheko. Mpaka kengele ya mwisho walikuwa wakimwita Jolly dereva wa taksi, wakimuuliza kama taksi ya Kasese bado ina nafasi ya mtu mmoja. Jolly alicheka pamoja nao, lakini utani ule ulimchoma.

Ijumaa jioni, baba yake akihudumia watu wa soko, Jolly alifungua folda akitafuta kitu cha kupiga. Vilikuwa vimebaki vibanda vichache vya Ulaya tu, vya kijivu, vibaya. Kitu kizuri alichokuwa nacho kilikuwa kimoja, nyumba ya kina Rachelle. Akajiambia: kesho tu, nitamwonyesha Twaibu, halafu nitaondoa.

Lakini katika mchezo ule nyumba haivunjiki kama hujaichora ikiwa imevunjika. Ukiipiga bila picha hiyo, inabaki imesimama kama kawaida. Kwa hiyo Jolly alikaa akaichora upya. Aliyapinda mabati ya bluu, akaiunguza migomba, na kaburi jeupe akalipasua katikati. Mkono wake ulisita pale kwenye kaburi. Kwao pia, nyuma ya jiko, kulikuwa na kaburi la babu yake, na hakuna mtoto aliyethubutu hata kulikalia. Alijua vizuri anachokifanya, akakifanya.

Jumamosi Nobert alikwenda Kasese kununua wino wa mashine. Twaibu alikuja. Jolly alipaa, akavuka mto, akashuka akilenga doa jeupe, maana hakuna shabaha iliyo rahisi kuona kuliko hiyo. Bomu lilianguka sawasawa. Bati likaruka, moshi ukapanda.

"Weee!" Twaibu alipiga meza. "Hiyo sasa ni ndege! Nilikosea, wewe si taksi. Ngoja nilete chapati, leo ninanunua mimi!"

Alitoka mbio. Jolly alibaki akiutazama moshi. Furaha aliyoitegemea haikuja. Akanyoosha mkono afunge mchezo, na papo hapo pazia likavutwa. Alikuwa Rachelle.

"Mukaka anasema tulisahau benchi," alianza. "Kulikuwa benchi mbele ya mulango, pale muzee alikuwa..." Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye skrini. Alikaribia, akaweka kidole kwenye bati moja lililopinda, lile lenye kutu. Kidole kikashuka mpaka kwenye kaburi lililopasuka.

"Nani alifanya hivi?"

Jolly alifungua mdomo, na maneno yaliyotoka si yale aliyotaka kuyasema. "Ni Twaibu. Mimi nilikuwa nje kwa wateja, akashika kompyuta."

Rachelle alitikisa kichwa polepole. Machozi yalimjaa. "Minajua weye hauwezi kufanya vile," alisema, akamshika Jolly mkono. "Weye iko rafiki yangu." Kisha akaondoka.

Laiti angemtukana. Laiti angempiga kofi. Jolly aliutazama mkono ule ulioshikwa akatamani kuukata.

Muda si mrefu Nobert alirudi. Alikuwa amempita Rachelle njiani akilia, akataka kujua kuna nini. Jolly akarudia uongo ule ule, na mara hii ulitoka kwa urahisi zaidi, jambo lililomtisha. Twaibu alipoingia na chapati zake, Nobert alimsimamisha mbele ya meza kama askari aliyechelewa gwaride.

"Wewe! Simama vizuri. Nani alikuambia kugusa mashine yangu?"

"Mimi sikugusa, Afande. Uliza Jolly."

"Mashine ilijibonyeza yenyewe?"

Twaibu alimgeukia Jolly, akangoja. Jolly aliokota karatasi zilizokuwa zimepangwa vizuri, akaanza kuzipanga tena.

"Toka," Nobert alisema. "Nisikuone tena katika duka hili. Kuvunja kaburi ya watu! Hata kwa mchezo, huna aibu?"

Mkononi Twaibu bado alikuwa na chapati mbili zilizofungwa kwenye gazeti, moja yake, moja ya Jolly. Aliziacha mezani, akatoka. Jolly hakuweza kula, akampa mbwa wa jirani.

Juma lililofuata lilikuwa refu. Rachelle alikuwa amemwambia bibi yake kwamba ndege imeharibika, ili asijue lililotokea, na Mukaka aliyekuwa bado amevaa kitenge chake cha misa Jumapili ile alirudi ndani kukivua. Darasani habari ilisambaa. Twaibu, bingwa wa utani, sasa alikula peke yake. Hakumchongea Jolly. Ni nani angemwamini? Na kila asubuhi Rachelle alimwekea Jolly nafasi kwenye benchi, akamgawia muhogo wake. Jolly aliumeza kwa shida. Usiku aliota amepasua kaburi la babu yake nyuma ya jiko. Mchezo hakuugusa tena. Nobert alipomuuliza kulikoni, alisema macho yanamuuma, ukawa uongo mwingine wa kuulinda ule wa kwanza.

Jumamosi, kabla ya saa sita, mtu alibisha mlangoni kwa sauti ndogo. Alikuwa Mukaka Martine, amevaa kitenge cha misa ingawa haikuwa siku ya misa. Kichwani alikuwa na sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba, harufu ya ndizi za kupika na maharage ikitoka. Rachelle alimfuata nyuma, ameona haya.

"Wabukire, Afande," Mukaka alisalimia.

"Wabukire, Mukaka. Karibu, karibu, kaa." Nobert alimpokea sufuria kwa mikono miwili.

"Nilisikia avion yenu iko mugonjwa. Nikasema, fundi hawezi kutengeneza na njaa. Nimeleta bitoke na maharagi." Akakaa, akajifuta jasho. "Mimi minaomba kitu moja tu. Ikipona, munipitishe pole pole juu ya nyumba. Kwetu mutu haende safari ya mbali bila kusimama kwa kaburi na kusema, 'Minaenda, baki muzuri.' Ile siku sisi tulikimbia. Sikumuaga muzee. Miaka hii yote yeye iko pale, hajue hata kama tuko wazima."

Nobert alikunja uso. "Ndege mgonjwa? Nani alikuambia..."

"Mukaka," Jolly alisema. Alikuwa amesimama kando ya mashine ya fotokopi, ameishika kama mtu anayeogopa kuanguka. "Ndege si mgonjwa. Ni mimi. Nilichora nyumba yenu imevunjika, nikaipiga bomu mimi mwenyewe, nikalenga kaburi. Twaibu hakugusa kitu. Nilimsingizia. Rachelle, nilikudanganya. Baba, na wewe pia."

Lori lilipita nje, vioo vikatetemeka. Rachelle alimtazama Jolly kama anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha akaugeukia ukuta. Nobert alikuwa amekwisha kunyanyua mkono wake mzito, lakini Mukaka alitangulia kusema.

"Unionyeshe."

"Mukaka, hapana, ni mbaya..." Jolly alianza.

"Nilisema, unionyeshe, mutoto."

Jolly alivuta pazia, akawasha kompyuta, akafungua picha ile. Mukaka alisogeza uso karibu na skrini. Alitazama muda mrefu mabati yaliyopinda, migomba iliyoungua na kaburi lililopasuka.

"Pengine njo vile iko kweli," alisema mwishoni. "Sijue. Hakuna mutu amerudi kutuambia. Lakini mimi sikukuomba hii, mutoto. Hii minaiona kila siku nikifunga macho. Nilikuomba ile ya zamani, ile nzima."

Hapo Jolly alilia. Alilia kwa kwikwi, kamasi na yote, bila kujali wateja wawili waliokuwa wamefika na karatasi zao. Alisema samahani mpaka neno likaisha nguvu. Mukaka alimwacha alie, hakumwambia nyamaza.

"Utaanzia kwa Twaibu," Nobert alisema. "Twende, mimi na wewe. Mukaka, nisamehe, tulindie duka kidogo."

Walimkuta Twaibu akifua sare yake nyuma ya nyumba. Jolly alisema yote, mbele ya mama yake Twaibu na majirani wawili walioacha kazi zao ili wasikie vizuri. Halafu Nobert naye akavua kofia.

"Mimi pia nina kosa. Nilikufukuza bila kuuliza vizuri. Mimi fundi mzima, sikujiuliza huyu Twaibu alijifunza lini kuchora nyumba kwa kompyuta. Nisamehe, kijana."

Twaibu alikamua shati lake taratibu mno, ili wangoje. "Kuniita mwongo, sawa," alimwambia Jolly. "Lakini ulinitazama nikifukuzwa, ukapanga karatasi. Hiyo iliniuma sana."

"Najua."

"Na chapati uliikula?"

"Nilimpa mbwa."

"Mbwa!" Twaibu alishangaa kweli kweli. "Chapati yangu!" Akalitundika shati kambani. Hakucheka, lakini alisema Jumatatu atakuja dukani, na kwamba darasani Jolly mwenyewe ndiye atakayewaeleza watu, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma.

Jioni ile Jolly aliifuta picha ya nyumba iliyovunjika. Aliondoa shabaha. Akachora benchi mbele ya mlango, mahali Rachelle alipomwonyesha kwa kidole, maana Rachelle alikubali kuonyesha ingawa hakukubali kuongea. Alipotaka kuiandaa Spitfire, Nobert alimzuia, akamfungulia ndege nyingine, nene, yenye injini mbili.

"Hii ni Dakota. Nayo ilikwenda vita ile ile. Lakini haikuwa na bunduki, ilibeba chakula, dawa na watu walioumia. Mchukue Mukaka na hii."

Kesho yake, baada ya misa, Mukaka aliketi mbele ya skrini na mkoba magotini, kama abiria. Jolly aliirusha Dakota kutoka Kasese, akawapita ng'ombe wake wawili, akaufuata mlima kwa mkono wa kulia. Walipita juu ya Bwera. Walivuka mto. Vilima vya ng'ambo vikaja, kijani juu ya kijani, kisha kati ya migomba likatokea doa jeupe, na nyuma yake bati la bluu na lile moja lenye kutu.

Mukaka alisimama. "Hapa. Hapa! Simamisha."

"Ndege haisimami, Mukaka. Ila naweza kuzunguka."

"Basi zunguka."

Jolly alizunguka, ameshika kijiti cha kuongozea kwa mikono miwili, akiinamisha bawa ili kaburi lisitoke katikati ya skrini. Mukaka alisema na mumewe kwa sauti ya chini. Alimwambia kuwa Rachelle amekua, kuwa anasoma, kuwa wanakula. Alimwambia minaenda, baki muzuri. Rachelle alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Jolly, na baadaye kidogo akaweka mkono kwenye mgongo wa kile kiti. Si begani kwa Jolly, kwenye kiti. Jolly alijua hicho ndicho anachostahili kwa sasa.

"Kosa la kwanza ulilifanya ili usichekwe," Nobert alimwambia binti yake bila kufoka. "Watoto hufanya hivyo. La pili, la kumtwika mwenzako, lilikuwa la woga, na kila siku uliyonyamaza ulilifanya upya. Ungesema siku ile ile, Twaibu asingekula peke yake, na mama huyu asingebeba sufuria juani. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajalipa kwa ajili yako."

Mukaka alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Na mimi minakuambia moja," alisema. "Kutoka juu, kila nyumba iko kidogo. Mutu anaweza kuivunja na kidole. Weye ruka, mutoto, unajua kuruka. Lakini ukiona bati, uliza kwanza nani analala chini yake."

"Ndiyo, Mukaka."

"Muzuri. Sasa turudishe Bwera. Nilimaliza kuaga."

Jolly aliinyoosha ndege. Doa jeupe likapita polepole chini ya bawa, zima, likabaki nyuma.